Doa la kijani kwenye hela ya 1904: lisuguliwe au liachwe?

*“Shikamoo mtaalamu. Niko Mikindani. Tulipogawana vitu vya marehemu bibi nilipata kikopo chenye sarafu nne za shaba. Ya kwanza ni hela ya mwaka 1904 yenye madoa ya kijani. Ya pili ni pesa ya 1891 yenye picha ya tai, imetobolewa tundu juu. Ya tatu ni heller 20 ya mwaka 1916, ina uso wa kukwaruza kana kwamba haikumaliziwa. Ya nne ni ndogo, nyembamba, ina maandishi ya Kiarabu. Mjomba aliiokota ufukweni Kilwa Kisiwani zamani sana. Jirani anasema nizisugue kwa limau na chumvi zing’ae, la sivyo hakuna atakayezitazama. Sina nia ya kuuza, nataka kuanza mkusanyo. Je, sarafu yenye dosari inafaa kuwekwa? Na nitajuaje dosari ya kuvumilia na ile inayoharibu sura?”*

Marahaba. Kabla ya yote, limau na chumvi virudi jikoni. Ukiwa umeshaisugua mojawapo, iache hapo ilipofika, zilizobaki usiziguse.

Umeniuliza kama sarafu yenye dosari inafaa, na nyuma ya swali hilo naona hofu ya kuweka takataka ukidhani ni hazina. Shaba iliyopita miaka mia moja kwenye hewa ya chumvi ya kusini bila dosari yoyote ni adimu mno, na mara nyingi ile inayoonekana safi kabisa ndiyo iliyosuguliwa. Kwa hiyo dosari zipo, hilo halina mjadala. La kujiuliza kwa kila dosari ni mambo matatu: iko hai au imekufa? Imekaa wapi? Nani aliyeileta: kiwanda, ardhi au mkono wa mtu?

Nianze na jirani yako, kwa sababu ushauri wake ndio unaoua sarafu nyingi kuliko kutu. Shaba ikikaa hewani hujivika utando mwembamba. Kwanza huwa mwekundu wa udongo, kisha hukolea hadi kahawia ya ganda la korosho. Utando huo ndio ngozi ya sarafu. Unalinda shaba iliyo chini yake, na ndio unaoyapa maandishi kivuli kinachofanya jicho liyasome. Asidi ya limau, au ya ukwaju, huuyeyusha wote. Kinachobaki ni shaba uchi, ya waridi, kama waya wa umeme uliomenywa. Kwa siku mbili tatu inapendeza. Baada ya wiki kadhaa za hewa ya Mikindani inaanza kuvaa upya, lakini kwa mabaka: pale kidole kilipogusa pana alama nyeusi, pale maji yalipotuama pana duara. Ngozi ya miaka mia hairudi kwa mwezi mmoja.

Chumvi ina madhara makubwa zaidi, na hapa tunaingia kwenye madoa yako ya kijani. Kijani cha shaba kiko cha namna mbili. Kuna kijani kigumu, kilichokolea, laini ukikigusa kwa kijiti, kimeshikamana na uso kama rangi ya mafuta kwenye mlango. Hicho kimekufa, kitakaa hivyo hata miaka hamsini mingine. Halafu kuna kijani kilichopauka, chepesi, cha ungaunga, kinachoonekana kama mtu kanyunyiza unga wa mlonge kwenye nukta ndogo ndogo. Hicho kiko hai. Kinatokana na kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi iliyopenya ndani ya shaba. Hewa ikiwa na unyevu, kloridi hiyo hushika maji na oksijeni, hula shaba, hutoa unga wa kijani pamoja na asidi kidogo, na asidi hiyo hula shaba nyingine na kuzaa kloridi mpya. Ni mduara. Hauishi wenyewe mpaka shaba iishe au unyevu uondoke. Wahifadhi wa makumbusho huuita ugonjwa wa shaba, ingawa hauna mdudu wala hauambukizi kama mafua.

Utaona sasa kwa nini kusugua kwa chumvi ni sawa na kupanda mbegu ya ugonjwa wenyewe: unaondoa ngozi kwa limau, kisha unaingiza kloridi kwenye shaba iliyo uchi. Na sisi wa pwani ya kusini, ambako chumvi inavunwa kando ya bahari na upepo unaileta hadi barazani, tunayo ya kutosha bila kuongeza.

Pima hivi hela yako ya 1904. Chukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, kaa karibu na dirisha, gusa doa taratibu bila kukandamiza. Unga ukidondoka na chini yake ukaona kishimo, doa liko hai. Kijiti kikiteleza bila kuacha alama, limekufa. Ukibaki na shaka, weka sarafu kwenye chupa ndogo yenye mfuniko pamoja na pamba iliyoloweshwa maji; pamba isiiguse sarafu. Funga kwa siku mbili. Nukta mpya za kijani kilichopauka zikitokea, umepata jibu. Toa sarafu mara moja, usiiache humo kwa wiki.

Doa lililokufa, liache. Kulikwangua huacha shimo la waridi linaloonekana kutoka mbali kuliko doa lenyewe.

Doa lililo hai, fanya kazi hii kwa subira. Piga picha pande zote mbili. Pima uzito kwa mizani ya sonara, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu; hela mpya ilikuwa na gramu 4 na upana wa milimita 20, kwa hiyo ukipata gramu 3.6 unajua ni kiasi gani kimeliwa na kuchakaa. Nyanyua unga kwa ncha ya kijiti, usikwangue. Kisha loweka sarafu kwenye chombo cha kioo chenye maji yaliyokenekwa, yaani maji yatokanayo na mvuke uliopozwa. Maji ya bomba hayafai, yana klorini na chumvi zake. Wengi hununua maji ya kuongezea betri, na yanafaa, lakini soma chupa kwa makini: kuna maji na kuna asidi ya betri, na duka moja huuza vyote viwili katika chupa zinazofanana. Badilisha maji kila siku kwa wiki ya kwanza, halafu mara moja kwa wiki kwa mwezi mmoja. Maji yanavuta kloridi polepole, hayavuti yote. Ukimaliza, ikaushe, iweke kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa, na uikague baada ya mwezi.

Unga ukirudi baada ya hapo, usiongeze nguvu. Zipo dawa za wahifadhi, mojawapo ni benzotriazoli, na ni sumu. Haitumiki kwenye meza ya kulia chakula. Kwa hela moja ya kawaida sioni sababu ya kufika huko. Iweke peke yake mahali pakavu na ukubali ilivyo. Hela za miaka ile zilipigwa kwa wingi sana Berlin na Hamburg. Chini ya shada la majani lililochorwa kwenye sarafu utaona herufi A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Utapata nyingine iliyo nzima zaidi. Na inafaa kuitafuta, kwa sababu ndiyo sarafu iliyotuachia neno. Kila tunaposema “sina hela” tunaitaja heller hii, iliyoanza 1904 pale Wajerumani walipoigawa rupia katika sehemu 100 badala ya pesa 64.

Sasa tuje kwenye sura, maana hapo ndipo moyo wa swali lako ulipo. Uchakavu na mvuto wa macho ni vitu viwili tofauti. Uchakavu unapimika: majani ya shada yamebaki mangapi, misalaba ya taji lililo upande wa pili inaonekana au imelainika. Mvuto ni kile jicho linachofanya kabla akili haijaanza kuhesabu. Na unaweza kuuzoesha.

Shika sarafu kwa ukingo, kamwe usiishike usoni, inyooshe mkono mzima mbele yako. Usitumie lenzi bado. Jiulize: jicho langu limetua wapi kwanza? Likitua kwenye taji au kwenye mwaka, sarafu bado inajimiliki. Likitua kwenye doa, mkwaruzo au tundu, na ukigeuza sarafu kisha ukairudia likatua palepale tena, basi dosari ndiyo inayoimiliki sarafu. Rudia kesho yake asubuhi. Siku ya kwanza tunadanganywa na furaha ya kupata.

Mwanga utoke ubavuni, upande mmoja tu. Dirisha la saa mbili asubuhi ni bora kuliko taa ya juu ya dari, na tochi ya simu ikimulika uso kwa uso hufuta kila kitu: rangi, mikwaruzo, hata herufi. Izungushe polepole robo duara kwa robo duara. Sarafu iliyosuguliwa hujifichua hapo, kwa mistari myembamba inayokwenda upande mmoja na kung’aa yote kwa pamoja mwanga unapoipata, kisha kuzimika. Mikwaruzo ya matumizi ya kawaida huenda ovyo, kila mmoja njia yake. Baada ya hapo ndipo uchukue lenzi ya kukuza mara tano. Ukitumia ya mara ishirini kila sarafu itakuonekania mgonjwa.

Uzito wa dosari unategemea mahali. Hela ina eneo tupu kati ya taji na maandishi ya ukingoni. Nukta nyeusi ndogo ikikaa katikati ya eneo hilo inapiga kelele; nukta hiyohiyo ikiwa ndani ya majani ya shada huioni mpaka uonyeshwe. Bonyeo kwenye ukingo linavumilika kuliko mkwaruzo unaokata taji. Kishimo juu ya tarakimu ya mwisho ya mwaka ni hasara kubwa hata kikiwa kidogo, maana kimekula habari.

Tuseme umewekewa hela mbili. Moja ina taji kali, kila lulu inahesabika, lakini uso wote una vishimo kama umepitiwa na ndui. Ya pili imelainika, majani ya shada yamekuwa bapa, ila rangi ni kahawia moja iliyotulia kutoka ukingo hadi ukingo. Vitabu vya bei vinaweza kuipendelea ya kwanza kwa sababu ya ukali wa chapa. Mimi nakuambia chukua ya pili. Ya kwanza imeumizwa na ardhi, na vile vishimo huenda bado vina kloridi ndani. Ya pili imechakaa kwa kupita mikononi, na huko ndiko kuchakaa kwa halali.

Kwa kipimo hicho, heller 20 yako ya 1916 isikutie wasiwasi. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga njia ya bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika, ndipo zikapigwa papo hapo Tabora kwenye karakana ya reli. Ndiyo maana ina herufi T. Mitambo haikuwa ya kiwanda cha sarafu. Chapa hafifu upande mmoja, uso wa kukwaruza, taji lililokaa pembeni kidogo, mstari ulioinuka unaokatiza maandishi kwa sababu muhuri wa kupigia sarafu ulipasuka: hayo yote yalitoka nayo kiwandani. Ni alama za kuzaliwa. Zilipigwa za shaba na za shaba ya njano, na kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo, kwa hiyo ukiipenda sarafu hii unaweza kuikusanya peke yake kwa miaka. Tofautisha tu mstari ulioinuka, ambao ni wa kiwandani, na mstari ulioingia ndani, ambao ni jeraha la baadaye. Upitishe mwanga wa ubavuni na kivuli kitakuambia. Ukiona kitu kilichopauka kwenye yako, kiangalie kama ni unga wa kijani. Kama ni vumbi tu, tutaliondoa kwa asetoni, kimiminika nitakachokieleza hapa chini.

Pesa ya 1891 yenye tundu ni suala jingine. Hiyo ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya enzi kabla serikali ya Ujerumani haijaanza kupiga hela: tai upande mmoja, Kiarabu ndani ya shada upande wa pili pamoja na mwaka wa Hijria 1308. Tundu linashusha bei yake sana, hilo nisikufiche, na hakuna ufundi wa kulirudisha. Lakini sarafu zilitobolewa ili zivaliwe, shingoni au kiunoni mwa mtoto, na kwa mkusanyaji wa pwani hiyo ni habari yenye thamani. Litazame tundu kwa lenzi. Kingo zikiwa zimelainika kwa uzi na zina rangi ileile ya kahawia kama uso, ni la zamani. Zikiwa kali, zinang’aa, zina shaba iliyovimba nyuma, limetobolewa juzi. Tazama pia kama limekwepa kichwa cha tai na mwaka. Aliyetoboa kwa uangalifu hupita karibu na ukingo. Tundu la zamani lililokaa vizuri mimi naliweka bila kusita. Sonara akijitolea kuliziba kwa risasi au kwa kuchomea, mshukuru na ukatae. Moto utaharibu ngozi yote, na kiraka kitaonekana milele.

Kusafisha kunakokubalika ni kumoja: kuondoa kisichokuwa cha sarafu. Asetoni safi, si dawa ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato na mafuta ndani yake, huondoa grisi, jasho na utando wa plastiki bila kugusa ngozi ya shaba. Imwage kwenye kibakuli cha kioo, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara kwa kuwa hushika moto haraka. Zamisha sarafu dakika kumi au kumi na tano, itoe kwa koleo la mti, iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa cha pamba. Usifute, usisugue, hata kwa pamba. Mafuta ya nazi usipake kabisa. Yanaipa sarafu weusi wa kupendeza siku ya kwanza, lakini yakichacha hutoa asidi zake na kuacha ute wa kijani kwenye herufi.

Kuhusu kuhifadhi: hewa ya pwani yetu ina unyevu wa zaidi ya asilimia 60 karibu mwaka mzima, na ugonjwa wa shaba huamka unyevu ukipita asilimia 42 hivi. Kwa hiyo sarafu isikae kwenye droo wazi wala kwenye sanduku la mbao, ambalo hutoa mvuke wa asidi. Tumia kopo la plastiki gumu lenye mfuniko wa kubana, na ndani kila sarafu kwenye bahasha yake ya karatasi. Vile vifuko laini vya plastiki vinavyonuka kama viatu vipya, tupa. Plastiki hiyo hutoa asidi inayoacha utelezi wa kijani. Mpira wa kufungia noti nao usikaribie, una salfa na hugeuza shaba nyeusi. Weka chembe za kunyonya unyevu, zile za rangi ya chungwa zinazogeuka kijani zikishiba. Zikishageuka, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi kwa saa mbili, zikipoa zirudishe. Masika zitahitaji kukaushwa mara nyingi kuliko kipupwe. Na yenye doa hai iwe na kopo lake; haiambukizi, lakini unga wake una kloridi na hauna sababu ya kumwagikia wenzake.

Imebaki ile ndogo ya Kilwa, na hapa sina budi kusema wazi: hiyo si ya kuingia kwenye mkusanyo wako kimyakimya. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zao wenyewe, akiwemo Ali bin al-Hasan na Sulaiman bin al-Hasan, bila mwaka. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina. Ukiwa mpenzi wa mashairi, fikiria kwamba una ubeti mkononi. Sarafu tano za namna hiyo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wataalamu wanajadiliana zilifikaje. Wanajadiliana kwa sababu mahali pa kuokotwa panajulikana. Sarafu ya Kilwa isiyojulikana ilipotoka imepoteza nusu ya maneno yake.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Hela, pesa na heller 20 zako ni za baada ya 1863. Hii ya nne, ikiwa ni ya masultani hao, ni ya karne nyingi kabla yake. Usiioshe hata kwa maji, usiipime kwa kijiti, usiiuze, usiitume nje ya nchi. Muulize mjomba, angali yupo, aliiokota upande gani wa kisiwa, karibu na gofu lipi, mwaka gani, na kulikuwa na nini kingine; andika yote kwenye karatasi uiweke pamoja nayo ndani ya bahasha kavu. Kisha nenda nayo kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako akuelekeze Idara ya Mambo ya Kale, au ipeleke Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Huko pia ndiko kwa kumtafuta mhifadhi wa ana kwa ana iwapo ina unga wa kijani, au iwapo ile hela yako itaendelea kutoa unga baada ya mwezi wa maji.